Rubondo: Waliotolewa na Walioletwa

Vipeperushi vya utalii hupenda kukiita kisiwa cha Rubondo msitu usioguswa na mkono wa mtu. Mimi ni mtu wa Muganza, upande wa pili wa maji, na bibi mzaa mama alizaliwa Rubondo. Kila nikisoma maneno hayo najikuta nacheka peke yangu. Kisiwa kile kimeguswa mpaka basi. Sikijui kipande kingine cha ardhi Kanda ya Ziwa ambacho binadamu amekipangua na kukipanga upya kama kile. Watu walitolewa, wanyama wakaletwa, na samaki wa majini nao wakabadilishwa na watu waliokuwa mbali, ambao hata hawakuwa na habari na kisiwa. Kisha miti ikaota juu ya mashamba, na leo mgeni anashuka kwenye ndege ndogo, anavuta pumzi ndefu, anasema hapa ndipo penye asili yenyewe.

Kwa asiyekifahamu, Rubondo iko kwenye kona ya kusini magharibi ya Ziwa Viktoria, ndani ya Ghuba ya Emin Pasha. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 240, ni ndefu kutoka kaskazini hadi kusini na nyembamba upande mwingine, na kilele chake kiko mita 1,486 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ni msitu. Hakuna simba wala chui. Wakazi wake wa kale ni viboko, mamba, nzohe wa kwenye matete, pongo, tumbili, fisi maji, na ndege wa kila namna. Na Wazinza.

Hao wa mwisho, wakitajwa, hupewa nusu sentensi. Bibi yangu alikuwa na zaidi ya nusu sentensi. Alisimulia migomba ya nyumbani kwao, maharage na viazi vitamu, na ulezi uliosagwa kwa jiwe. Ngege walivuliwa kwa nyavu na ningu kwa migono, wakapasuliwa, wakaanikwa juu ya miamba hadi wakakauka kwa jua tupu. Kuni zilikuwa za kupikia ugali, hazikuwa za samaki. Nimelitaja hilo kwa makusudi, nitalirudia.

Katikati ya miaka ya 1960 wakaambiwa wahame. Mwaka 1965 kisiwa kilitangazwa pori la akiba, na pori la akiba halikai watu. Kwa masimulizi ya bibi hakuna aliyepigwa. Watu wa serikali walikuja, wakaeleza, wakaondoka, wakarudi tena kuuliza mbona bado mpo. Kila familia ikatafuta ndugu wa bara wa kuwapokea. Bibi alipanda mtumbwi na jiwe lake la kusagia, mwenye mtumbwi akalalamika kwamba litawazamisha, akamjibu kwamba basi azame yeye na jiwe lake lifike. Jiwe bado lipo uani kwetu. Limechimbika katikati kwa vizazi vya kusagia, na kuku hunywea maji humo.

Miaka hiyohiyo, Mwanza mjini, jambo la aina hiyo lilitokea kwa kipimo kidogo. Kulikuwa na mzee aliyeitwa Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, aliyeishi kwenye kisiwa kidogo mkabala na mji. Mwaka 1964 kisiwa chake kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, naye akahama. Wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo walipumzishwa hapo kabla ya safari ya mwisho. Leo kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, tangu 2013. Mzee aliondoka lakini jina lake lilibaki, na kila mtoto wa Mwanza analitamka. Hilo ni zaidi ya walichopata watu wa Rubondo.

Aliyeisukuma kwa nguvu kazi ya kupeleka wanyama Rubondo alikuwa Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Watanzania wa rika langu wanamfahamu kwa Serengeti. Filamu yake ya mwaka 1959 kuhusu mbuga hiyo ilipata tuzo ya Oscar, na mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege katika kazi hiyo Januari mwaka huohuo. Kwao Ujerumani alikuwa na kipindi cha televisheni kilichotazamwa na mamilioni, na alijua kuomba fedha bila haya, jambo ambalo mimi namsifia. Hofu yake ilikuwa kwamba wanyama wa bara wangemalizwa na majangili pamoja na mashamba. Kisiwa kilimpa uzio wa bure, yaani maji. Safina ya Nuhu, ila hii haikuelea.

Wakaletwa faru weusi 16. Wakaletwa korongo, suni, mbega weusi kwa weupe, na twiga 12. Tembo 6 walifika baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukimfikiria faru mweusi aliyekomaa, mnyama anayeweza kupita kilo 800, akiwa kwenye sanduku la mbao juu ya chombo cha majini, utakubali kwamba waliofanya kazi ile hawakuwa watu wa mchezo. Lakini faru, ambao ndio waliokuwa sababu kubwa ya kutafuta kisiwa salama, hawapo tena. Maji hayakuwazuia majangili, kwa sababu kwetu maji ndiyo barabara. Korongo nao walitoweka. Twiga, tembo, mbega na suni walipapenda na wamezaana.

Kisha kuna sokwe, na hapa ndipo hadithi inapokuwa ya ajabu.

Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliachiwa Rubondo kwa mafungu manne. Rubondo haikuwahi kuwa na sokwe. Sokwe wa Tanzania ni wa upande wa Ziwa Tanganyika, kama Gombe na Mahale, na wale 17 hata hawakutoka huko. Walikamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakauzwa Ulaya, wakaishi kwenye mabanda ya bustani za wanyama na sarakasi, mwingine miezi michache, mwingine hadi miaka tisa. Kundi la kwanza lilirudi Afrika kwa meli hadi Dar es Salaam. Yaani viumbe hawa walizunguka njia ndefu kuliko mabaharia wengi, wakashushwa upande wa pili wa bara walikozaliwa, mbele ya ziwa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulitia macho.

Siku hizi sokwe aliyekuwa kifungoni akitaka kurudishwa porini hufundishwa kwa miaka: matunda yapi yanaliwa, kiota kinafungwaje, nyoka ni nini. Wale wa Rubondo hawakufundishwa chochote. Masanduku yalifunguliwa ufukweni. Kwa muda mfupi waliongezewa chakula, halafu wakaachwa. Waliokuwa wamezoea kupokea ndizi mkononi mwa mtu hawakuelewa kwa nini mtu huyu wa sasa hana ndizi. Baadhi ya madume waliwashambulia watu, na wawili walipigwa risasi. Mtu yeyote mwenye akili angetabiri kwamba waliobaki wangekufa mmoja mmoja.

Hawakufa. Baada ya miezi michache walikuwa wakijitafutia matunda ya msituni, na baada ya kama mwaka mmoja walikuwa wakilala kwenye viota walivyojifungia wenyewe juu ya miti. Mwaka 1968 alizaliwa mtoto wa kwanza. Taratibu wakajifunza pia jambo la muhimu kuliko yote, kumkwepa binadamu. Siri ya mafanikio yao si ngumu kuiona: hakuna chui wa kuwawinda, hakuna sokwe wenyeji wa kuwafukuza kwenye eneo lao, na matunda yapo mwaka mzima. Leo wako sabini hivi, wote kizazi cha wale 17.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kama aliwahi kuwaona.

"Niwaone wapi, mjukuu wangu? Mimi nimetoka kwa mtumbwi, wao wameingia kwa meli."

Hakulisema kwa uchungu. Kwake lilikuwa suala la ratiba.

Sasa tuingie majini, kwa sababu kisiwa bila maji yake ni nusu ya habari. Miaka kadhaa kabla Grzimek hajapanga masanduku, maofisa wa uvuvi wa kikoloni upande wa Uganda walikuwa na mpango wao. Nyavu za makila zilizoletwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimempunguza ngege vibaya, na ziwa lilijaa furu, visamaki vidogo vyenye miba ambavyo matajiri hawakuvitaka. Wakaona dawa ni kumleta samaki mkubwa awale furu, awageuze kuwa minofu. Baadhi ya wataalamu walipinga na kuandika wazi kwamba ni hatari. Sangara aliingia ziwani hata hivyo, katikati ya miaka ya 1950 na tena mwaka 1962 na 1963. Kwa miaka ishirini alikuwa kama hayupo. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kenya na katikati ya muongo huo kwetu, akalipuka.

Furu walikuwa zaidi ya aina 500, karibu zote haziko popote pengine duniani. Mamia yalipotea katika miaka michache, mbele ya macho ya watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliokuwa Mwanza tangu 1977 wakiwapa majina kwa utulivu, wakidhani wana muda. Wanasayansi hulilia furu mpaka leo, na wana haki. Lakini nasema kweli, pale Muganza sikumsikia mzee hata mmoja akiwalilia. Furu walikuwa samaki wa watoto kuchoma kwenye kijiti. Wazee walimlilia ngege. Na ngege hakuuawa na sangara peke yake. Nyavu zilimwanza, kisha akaletewa majini sato wa mto Nile, ambaye alimbana kwenye mazalia, na ndiye huyu tunayemla leo kwa ndimu na pilipili tukiamini ni samaki wa babu zetu.

Mimi nimekula kwa jasho la sangara. Katikati ya miaka ya 1990 nilipata kazi ya ukarani wa mizani kwenye mwalo wa Kasenda. Mzani ulikuwa wa saa, umening'inizwa kwenye gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, na chini yake kulabu. Mvuvi anamleta samaki, kulabu inapita kwenye taya, mshale unacheza, anataka nisome ukiwa juu, tajiri anataka nisome ukiwa chini. Nilisoma ukisimama. Nilijifunza kufunua mashavu ya samaki kwa kidole gumba: yakiwa mekundu na yenye ute mwepesi, anaingia kwenye barafu ya boti ya kiwanda. Yakianza kuwa ya kahawia, anarudi kwa mama wa kukaanga. Waliopita kilo 50 walikuwa wakikusanya watazamaji. Mabondo, kile kibofu cha hewa ambacho sasa kinauzwa kwa bei ya kutisha kwenda China, tuliyaona kama kitu cha pembeni.

Mwaka 1999, kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu. Boti za barafu hazikuja. Nilikaa chini ya mzani usio na samaki, wavuvi wakiniuliza mimi, karani, lini Ulaya itakula tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule samaki, ingawa kazaliwa kwenye maji yetu, bado alikuwa wa kwao.

Bibi hakumkubali sangara kamwe. Alisema ana mafuta ya kujikaangia mwenyewe. Na mafuta hayo ndiyo yaliyoleta balaa ambalo wachache wanalitaja. Ngege na furu walikauka juani. Sangara mnene hakauki, anaoza. Akikosa barafu lazima akaangwe au apigwe moshi, na moshi unataka kuni. Samaki walipoongezeka, matanuri ya kubanikia yakaota kila mwalo, na miti ya pwani na ya visiwa ikaenda motoni. Ukitoka Kasenda kwa boti asubuhi utaona: nyuma yako vilima vyenye vichaka na mahame ya miti, mbele yako Rubondo nyeusi kwa msitu. Mgeni huona tofauti hiyo akasema kisiwa kimebaki kama Mungu alivyokiumba. Kimebaki kwa sababu kililindwa kwa bunduki wakati sisi tulipokuwa tukichoma samaki wa kuletwa kwa miti ya kwetu.

Gugu maji nalo lisisahaulike, ingawa hadithi yake ni fupi. Mmea wa Amerika Kusini, ua zuri la zambarau, uliletwa Afrika kama pambo. Ulishuka na mto Kagera na kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuna asubuhi mwalo wetu ulifungwa kabisa, mitumbwi imekwama kama iko shambani, na viboko wakitokeza humo bila kuonekana mpaka wakufikie. Dawa iliyosaidia sana ilikuwa mgeni mwingine, mdudu wa jamii ya fukusi kutoka hukohuko Amerika Kusini, aliyeachiwa katikati ya miaka ya 1990 ili alile. Alilila kwelikweli. Gugu halijaisha, huja na kwenda, lakini halijaturudishia hali ya miaka ile.

Nikiwaweka wote hawa pamoja napata shida na lugha ya wakubwa. Sangara wanamwita mvamizi. Gugu ni mvamizi. Fukusi ni rafiki. Sokwe wa Afrika Magharibi, ambaye hana jamaa hata mmoja wa damu upande huu wa bara, ni fahari ya hifadhi. Wote waliletwa na mkono wa mtu, karibu wote katika maisha ya mtu mmoja. Tofauti ni kwamba sokwe wamebaki sabini na wanapendeza kwenye picha. Siwachukii, nimewahi kuwasikia alfajiri nikiwa kwenye boti, kelele zao zikipanda kutoka bonde moja hadi jingine, na nywele zikanisimama. Nasema tu kwamba hukumu hazikutolewa kwa kipimo kimoja, na mimi kazi yangu ilikuwa mizani.

Kuna jambo la kufurahisha zaidi. Mwaka 1977 Rubondo ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Mipaka yake inafika kilomita za mraba 457, na karibu nusu ya hizo ni maji. Ndani ya maji hayo wavuvi hawana ruhusa ya kutupa nyavu. Kwa hiyo sangara, mvamizi wa vitabu vyote, ana hifadhi yake ya taifa yenye askari na boti za doria. Anakua humo hadi anakuwa gogo, anazaa, na watoto wake wanatoka kwenda kwenye nyavu zetu. Wavuvi wanalijua hilo, ndiyo maana usiku wengine huzima taa na kuingia. Wakikamatwa, nyavu huchomwa na mtumbwi huenda na serikali. Wale wale ambao babu zao walikuwa wakianika samaki kwenye miamba ileile.

Sisemi kwamba watu warudishwe. Ningekuwa mwongo. Vijana wa Muganza hawataki kwenda kulima maharage kati ya tembo, wanataka ajira, na hifadhi inawapa baadhi yao. Na laiti watu wangebaki, matanuri ya moshi yangefika Rubondo pia, na leo tusingekuwa na msitu wa kubishania. Ninachotaka ni kidogo: kibao kimoja pale wageni wanaposhukia, kiseme nani aliishi hapa, lini aliondoka, na nani aliletwa baada yake. Mzee Saanane amepata kisiwa kizima. Sisi tutatosheka na kibao.

Mtoto wa binamu yangu anaongoza watalii huko siku hizi, anawapeleka kuwafuatilia sokwe kwa miguu, saa nyingine kutwa nzima bila kumwona hata mmoja. Nilimuuliza huwa anawaambia nini wageni kuhusu walikotoka.

"Nawaambia ukweli, babu. Kwamba bibi yake huyu alikuwa kwenye banda Ulaya, na bibi yangu mimi alikuwa hapa."

"Wanasemaje?"

"La kwanza wanalipenda sana, wanaandika. La pili wananiuliza kama ni mbali kwenda kambini."